Kichwa Kisicho na Masikio

Daktari alimpa Meja Kunduz mpaka jioni.

"Baada ya hapo usinipigie mimi," alisema kwenye simu. "Pigia msikiti."

"Sumu gani?"

"Ningeijua ningekuwa nakuuliza wewe? Ulimi umekufa ganzi, moyo unakwenda mbio, unasimama, unakwenda tena. Nampa dawa kwa kubahatisha. Nikibahatisha vibaya namuua mwenyewe. Niletee jina la sumu, Meja, mengine niachie."

Mgonjwa alikuwa Ordabek Januzakov, mkuu wa dawati la Asia ya Mashariki katika wizara ya mambo ya nje, aliyewahi kuwa konsuli kule Korea. Mchana ule, ndani ya nyumba ya wageni wa serikali iliyoko juu ya Almaty, alikuwa ameketi na ujumbe wa Korea kusherehekea urafiki wa nchi hizi mbili. Kesho yake ungetiwa saini mkataba mpya wa wafanyakazi. Kichwa cha kondoo, heshima ya mgeni mkuu, kikaletwa, Ordabek akakata kipande kimoja, akatafuna, akameza, na kabla chai haijamiminwa alikuwa ameshika koo na macho yamemtoka. Urafiki wa nchi mbili uliishia hapo, juu ya zulia, miguu ikirusharusha.

Wakubwa walikuwa wameshampata mkosaji.

"Yule mkalimani Mkorea," kanali alimwambia Kunduz. "Ndiye aliyeipokea sahani akaisogeza. Mkamateni."

"Ni wa hapahapa, Kanali. Babu yake kazikwa Ushtobe."

"Ana jina la Kikorea."

"Na wewe una jina la Kiarabu. Mbona hatujakurudisha Makka?"

Kanali akakata simu. Kunduz alikuwa na ulimi wa namna hiyo, ndiyo maana wenzake wote walishapandishwa vyeo na yeye bado alikuwa meja.

Mkalimani aliitwa Lyudmila Khegai. Alikuwa msichana mwembamba, na Kunduz alimkuta ukumbini amevaa koti lake tayari, kama mtu anayengoja gari la polisi. Hasira yake ilikuwa kubwa kuliko hofu.

"Niliisogeza sahani kwa sababu niliambiwa niisogeze," alisema. "Bwana Nam aliwekewa kichwa, akasema maneno yake, akaniomba nikipeleke kwa Ordabek-agha. Ningefanyaje? Nikirushe?"

"Maneno gani hayo aliyosema?"

"Muulize mwenyewe. Kikazaki chake kinatosha, anajivunia mno."

"Mna picha?"

"Za kila kitu. Hawa wakubwa wangu hupiga picha hata supu."

Akampa simu yake. Kunduz akamkabidhi Sajini Tolegen, mtu mzima mwenye kitambi aliyefanya naye kazi siku nyingi, wakaenda chumba cha pili kumwona mgeni.

Mjumbe Nam Gi-cheol alikuwa mzee nadhifu, tai bado imebana shingo. Alikuwa amekuja Kazakhstan mara nyingi kuliko baadhi ya Wakazaki. Alisimama Kunduz alipoingia, akaweka mkono kifuani.

"Mimi ndiye nilikuwa nife," alisema. "Kichwa kilielekezwa kwangu, pua imenitazama mimi. Serikali yangu inauliza nani anatuchukia hivi."

"Na kwa nini hukukila?"

Nam akamtazama kwa mshangao. "Wewe Mkazaki unaniuliza hivyo? Baba yangu yu hai. Yuko Daegu, anagombana na jirani zake kila asubuhi. Mtu mwenye baba hakati kichwa. Mlinifundisha wenyewe, na mlinicheka sana siku nilipokosea."

"Kwa hiyo hufanya nini?"

"Hushukuru, kisha humpisha aliye kuliani kwangu, kama baba yake ametangulia."

"Kila mara?"

"Kila mara, na humuhumu. Mwezi wa tano nilifanya hivyohivyo. Wahudumu wameshazoea, wananitania kwamba mzee wangu ananinyima nyama."

Kunduz akageuka kumtazama Tolegen. Tolegen naye alikuwa ameshaelewa.

"Leo kuliani kwako alikaa nani?"

"Ordabek. Hukaa pale siku zote, ndiye mwenyeji wetu."

Basi Wakorea wangeweza kulala kwa amani, angalau kwa hilo. Yeyote aliyewahi kuhudumia meza ya Nam alijua kwamba kichwa kisingetua kwake. Kingepumzika kidogo tu, kisha kingeendelea na safari hadi kwa Ordabek. Mtu alikuwa amempimia Ordabek sumu yake, akamtumia mgeni kuifikisha.

Korido ilikuwa tupu. Kunduz alichukua ile simu, akaanza kupekua picha. Wajumbe wakipeana mikono. Wajumbe wakikata keki yenye bendera mbili. Kisha sahani, na kichwa juu yake, cheupe, kimepikwa vizuri, kinang'aa mafuta. Akaikuza picha. Akaikuza tena.

"Tolegen. Unaona nini?"

"Kichwa cha kondoo."

"Tazama vizuri."

Sajini akainama juu ya simu. Shingo yake ikaiva.

"Hakina masikio," alisema polepole.

"Wewe ulikuwa unalinda mlango. Sahani ilipita puani pako."

"Niliona, Meja."

"Uliona ukanyamaza?"

"Ningesema nini mbele ya wageni? Kwamba wenyeji wamepika kichwa kiziwi? Ni aibu! Kila Mkazaki aliyekuwa mle ndani aliona. Nilimwona naibu waziri akiangalia dari. Sote tuliangalia dari."

"Mmeficha ushahidi kwa ajili ya adabu."

"Ndivyo tulivyolelewa," Tolegen alisema kwa unyonge.

Kunduz hakucheka. Alikwenda moja kwa moja jikoni.

Mpishi Sagindik alikuwa ameketi juu ya gunia la viazi, mikono kichwani. Aliposikia habari ya masikio aliruka kama aliyemwagiwa maji ya moto.

"Mimi? Nitoe kichwa bila masikio? Niue, Meja, lakini usinitukane! Manyoya nimebabua kwa mkono wangu, meno nimeng'oa, taya la chini nimeondoa, na masikio yalikuwepo yote mawili, mazuri, yamesimama!"

"Ukamkabidhi nani?"

"Apa Bibijan, mama yetu wa humu, kama siku zote. Msimamizi wa meza ni yeye. Anakipanga sahanini, anakipeleka."

"Na baada ya Ordabek kuonja?"

Sagindik akakunja uso. "Hapo ndipo sikuelewa. Nilimsikia Bibijan anapita koridoni na sahani, anasema nyama imepoa, anairudisha ipashwe moto. Nikashangaa. Kichwa hakijazunguka hata kwa jirani, unakiondoaje? Sijawahi kuona."

"Ukakipasha?"

"Hakikunifikia."

Tolegen alifungua mapipa ya taka, akafungua friji, akainama nyuma ya makabati. Kunduz akaenda kwenye jiko kubwa la makaa lililokuwa chumba cha nyuma, lile la kuchemshia maji ya kuogea wageni. Akafungua mlango wa chuma. Katikati ya makaa lilikuwepo fuvu jeusi, limepasuka, linafuka.

Sagindik alipolichungulia alirudi nyuma. "Nani anachoma kichwa?" aliuliza. "Mifupa tunampa mbwa, au tunaizika. Nani anafanya hivi?"

Lilikuwa swali zuri. Kwa kuficha tu ushahidi, kulikuwa na korongo nyuma ya nyumba na mto unaokwenda kasi. Aliyelitia fuvu motoni alitaka liungue.

"Lichukue kama lilivyo," Kunduz alimwambia Tolegen, "mpelekee daktari. Haliwezi kumwambia kitu, limekuwa mkaa, lakini mpelekee. Kisha kaa kando ya kitanda cha Ordabek, simu mkononi. Usitoke."

"Na masikio, Meja? Kwa nini akate masikio?"

"Ukipewa kichwa unaanza kukata wapi?"

"Shavu la kulia. Kipande cha kwanza nakula mwenyewe."

"Halafu?"

"Halafu nakata sikio, nampa..." Tolegen akasita. "Nampa mdogo wa mezani."

"Palepale, kwa mkono wako. Sahani unaweza kuikwapua kabla haijazunguka. Sikio huwezi, limeshafika kinywani mwa mtoto wa watu. Mdogo wa meza ile alikuwa nani?"

"Khegai. Mkalimani."

"Kamwambie avue koti. Na kanali nitamweleza mwenyewe, nitafurahi sana."

Aliyefanya jambo hili alikuwa na chuki ya kumtosha mtu mmoja tu. Hakutaka hata tone limwagikie mwingine, zaidi ya yote kijana. Kunduz alishakutana na wauaji wengi, wengi wao wajinga na walevi. Huyu alimkasirisha kwa sababu alikuwa mwangalifu.

Bibijan alikuwa katika chumba cha vyombo, amejifunga kitambaa cheupe, bakuli za chai zimepangwa mbele yake. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye mikono mikubwa na sauti ya chini. Hakuinuka.

"Karibu, mwanangu. Keti. Tangu asubuhi hujanywa kitu."

Akammiminia chai ya maziwa, kidogo tu chini ya bakuli, kama anavyomiminiwa mtu anayetakiwa akae, aongezwe tena na tena. Kunduz aliitazama.

"Unaogopa chai yangu?" Bibijan aliuliza.

"Naogopa mikono yako, apa."

Bibijan akalichukua bakuli lilelile, akanywa hadi mwisho, akalifuta, akamimina upya. "Haya. Wewe sina ugomvi nawe."

"Na mkalimani hukuwa na ugomvi naye. Ndiyo maana ulikata masikio."

Mama yule hakushtuka. Alipangusa tone la maziwa mezani kwa kidole.

"Ana umri wake," alisema. "Yule binti. Nilimtazama akiketi nikajua sikio ni lake."

"Umri wa nani?"

"Wa Nurdos. Mwanangu."

Nje gari la Tolegen liliwaka, likateremka mlima. Kunduz alingoja. Alijua kwamba mtu aliyekaa na jambo muda mrefu akianza kulitoa hahitaji kusukumwa.

"Alikwenda Korea kufanya kazi ya rangi kwenye kiwanda," Bibijan alisema. "Wakati ule Ordabek alikuwa konsuli. Nurdos akafa. Kifua, walisema, mvuke wa rangi. Sawa, mtu hufa. Mimi siyo mwendawazimu, sikutaka wanirudishie roho yake. Nilitaka mwili. Nilimwosha alipozaliwa, nilitaka aoshwe alipokufa, afungwe sanda, alazwe ubavu pale kijijini karibu na baba yake. Ni kitu kikubwa hicho? Niambie wewe uliyesoma, ni kikubwa?"

"Si kikubwa, apa."

"Nikaletewa majivu ndani ya chupa ya udongo. Ina kifuniko, kama ya kuwekea pilipili. Nilimwita mullah. Akaja na birika lake la maji na sanda begani, mtu mzima, ndevu nyeupe. Nikaiweka chupa mezani nikamwambia, osha. Akaniangalia. Nikamwambia, osha, huyo ndiye Nurdos. Akakaa chini akalia."

Sauti yake haikupanda. Kunduz alitamani ingepanda.

"Niliwachukia Wakorea," Bibijan aliendelea. "Kila walipokuja humu niliwamiminia chai nikiwaombea ajali. Mpaka huyu mzee Nam, mwezi wa tano, aliponiuliza kama nina watoto. Nikamwambia. Unajua alifanya nini? Aliinuka kitini akaniinamia, mimi mhudumu. Akasema wanamkumbuka yule kijana, mwenye kiwanda alikuwa tayari kuusafirisha mwili, jeneza limeshanunuliwa. Ila konsuli wetu aliwaambia familia imekubali achomwe. Alisaini mwenyewe. Hakumwuliza mtu, hata wenzake ofisini walidhani nimekubali. Alikuwa anakwenda likizo, ampendeze nani kwa kuhangaika na maiti?"

"Ungemshtaki."

"Kwa nani? Kwa wale waliokuwa wanaangalia dari?"

Kunduz akaumia, kwa sababu ilikuwa kweli.

"Tangu mwezi wa tano nimemhudumia huyo mtu," Bibijan alisema. "Nimemwekea sukari. Ananiita 'wee mama'. Aliisaini karatasi yenye jina langu la ukoo, na kila wiki linaning'inia hapa kifuani kwenye kibandiko, hajawahi kulisoma. Leo nimemlisha shavu la kulia. Kisha kichwa nikakitia motoni. Nilitaka akiulizwa huko aendako, ajue harufu ya kuungua."

"Umemlisha nini?"

"Hicho ndicho ulichofuata."

"Hicho ndicho nilichofuata. Ana saa chache. Akifa ni kuua, na mimi mwenyewe nitasimama mahakamani nikumalize. Akipona ni jambo lingine. Nitajie sumu, apa."

"Unadhani nilikaa hapa nikakungoja kwa sababu ya jela?" Bibijan alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Nitakutajia. Lakini kwanza naye anitajie. Jina la mwanangu. Moja tu, jina la kwanza. Akilijua, nitajua kwamba siku ile alipokuwa anasaini aliona kuna mtu pale. Nitakupa sumu na nitakubusu mkono. Asipolijua, afe leo au kesho, ni mamoja kwangu."

Utaratibu haukuruhusu jambo la namna hiyo. Kunduz alitoa simu, akampigia Tolegen, ambaye alikuwa ameshafika hospitalini, akafungua sauti, akailaza simu mezani kati ya bakuli za chai.

"Yuko macho?"

"Macho anayo," Tolegen alijibu. "Anaongea. Mikono ndiyo haisikii."

"Mwambie kuna kijana alifia Korea, yeye akasaini achomwe bila kuwauliza wazazi. Aseme jina lake. Mwambie uhai wake uko hapo."

Wakasikia mnong'ono, kisha sauti nzito ya ulimi usiotii. Ordabek alikuwa anakana. Hakumchoma mtu, kila kitu kilifuata taratibu, atawashtaki wote. Kisha mashine iliyokuwa kando yake ikapiga kelele, daktari akapaza sauti, na ilipotulia Ordabek alikuwa analia.

"Yerkin," alisema. "Yule wa mashine ya plastiki. Yerkin."

Bibijan akatikisa kichwa.

"Siyo huyo," Kunduz alisema.

"Siyo?" Wakamsikia akihema. "Basi Kuanish. Aliyeanguka ghorofani. Mama yake alikuwa anapiga simu kila siku, anapiga, anapiga... Kuanish."

Bibijan hakutikisa kichwa safari hii. Alikuwa ameacha mikono yake juu ya meza, viganja wazi.

"Siyo, Ordabek," Kunduz alisema.

"Wa boti, basi! Wa boti ya samaki, Madi, wa kule Taraz! Baba yake kipofu, ningemwulizaje baba kipofu? Madi! Niambieni ni yupi, nitasema ndiye! Nitasaini chochote!"

 Kisha ikasikika sauti ya Tolegen, na haikuwa sauti yake ya kawaida.

"Meja, huyu mbwa alichoma wangapi?"

 Kunduz alikuwa anamtazama Bibijan, ambaye midomo yake ilikuwa inatembea bila sauti, anayarudia majina. Uso wake ulikuwa umebadilika. Kwa muda wote ule alikuwa amekaa kama mtu aliyemaliza kazi. Sasa alikaa kama mtu aliyepewa kazi.

"Nilidhani ni wangu tu," alisema.

"Apa, sumu."

"Mimi mjinga. Nilidhani ni Nurdos peke yake. Nimejifungia na chupa yangu, na kumbe mama wa Kuanish yuko mahali anapiga simu."

"Apa!"

"Ni mzizi wa ua la bluu," Bibijan alisema, akainama juu ya simu ili asikike vizuri. "Lile la malishoni juu, ambalo wachungaji huwafukuza kondoo wasilile. Mbwa mwitu hutegewa kwa hilo. Mwambie daktari, atalijua. Aache dawa za nyama mbovu, azingatie moyo."

Upande wa pili daktari alikuwa ameshasikia. Alitukana kwa furaha, akaanza kutoa amri, viatu vikakimbia sakafuni. Kunduz alivuta pumzi, akatoa pingu mkandani, akaziweka mezani. Bibijan alivua kitambaa chake cheupe, akakikunja vizuri, akanyoosha mikono yote miwili bila kuambiwa.

"Kwa nini?" Kunduz aliuliza. Alikuwa ameshapata alichokitaka, hakuwa na haja ya kuuliza, lakini aliuliza. "Hakulijua jina. Ulisema asipolijua afe."

"Nilisema hivyo nikidhani nina haki naye."

Pingu zikafunga. Bibijan alizitazama kidogo, kisha akaigeukia simu, ambayo bado ilikuwa wazi, ikitoa sauti za mashine na watu wanaohangaika.

"Daktari, mwanangu, unanisikia?" alisema. "Mtibu vizuri. Mtibu mpaka aweze kusimama, ulimi wake urudi, macho yake yaone. Meja huyu atakwenda Taraz, atawatafuta wale wazazi wote, awalete mmoja mmoja. Usimwache afe huyo. Si wangu peke yangu."